Modesta Tomasi Banzi, Aliyechota Maji Pale Watoto Walipooga

Marehemu Modesta Tomasi Banzi alizaliwa tarehe 14 Septemba 1961 katika kitongoji cha Lukundi, Matombo, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Tomasi Banzi na Bi Yuliana. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na Modesta alikuwa wa mama yake kweli kweli: mbishi kimyakimya na mwepesi wa kucheka. Chemchemini Bi Yuliana alimfundisha sheria moja tu: "Usitibue maji. Chota palipotulia." Mdogo wake Kasiani, anayewasomea maneno haya, hajasahau ndoo zake zilizomwagwa na dada huyu kwa sababu ya jani moja. Kurudi tena chemchemini kulikuwa juu ya Kasiani mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi hapa Matombo kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari Morogoro mjini hadi 1979. Mwaka 1981 alijiunga na chuo cha maabara Dar es Salaam, akahitimu 1983. Jumapili ya kwanza wenzake walimpeleka kuiona bahari. Aliitazama, akauliza, "Sasa maji yote haya nani anayachunga?" Walicheka mpaka wakakaa mchangani. Jibu hakulipata siku hiyo.

Aliajiriwa maabara ya maji hukohuko Dar es Salaam mwaka 1984. Tarehe 21 Novemba 1987 alifunga ndoa, katika parokia hii ya Matombo, na Faustini Mkude, fundi seremala wa Mlali. Walijaliwa watoto wawili, Judith na Baraka. Bwana Faustini anasema katika ndoa yao yote hakuwahi kunywa glasi ya maji bila mkewe kuinyanyua kwanza juani na kuikagua, na kwamba atazikumbuka glasi hizo kuliko hata mapishi yake.

Januari 1996 Modesta alipewa kazi ya kuchota sampuli kwenye fukwe za kuogelea, ukiwemo wa Mvinjeni. Kuogelea hakujua, na bahari aliiogopa mpaka mwisho. Hata hivyo aliingia hadi kiunoni, khanga kaifunga barabara, chupa mkononi. Kanuni ilikuwa kuchota pale watu wanapooga kwa wingi. Majibu hutoka kesho yake, na kibao cha ufukweni hupakwa kijani au chekundu.

Wiki moja kabla ya Idd ya Februari mwaka huo alifika Mvinjeni. Watoto walikuwa wanacheza mbele ya mfereji wa mvua, na maji pale yalikuwa yametibuka. Mkono wake ukakataa. Mwenyewe alisema hivyo hivyo, mkono ulikataa. Akasogea hatua arobaini, akachota palipotulia, kama alivyolelewa. Majibu yakatoka safi, kibao kikapakwa kijani. Kumbe huko juu bomba la majitaka lilikuwa limepasuka na kumwagikia mfereji ule. Siku tatu baada ya sikukuu watoto kumi na mmoja walikuwa wamelazwa, wanahara na kutapika. Aliyezidiwa kuliko wote alikuwa Nasibu, mwenye miaka sita.

Hakuna aliyemshuku. Karatasi zake zilikuwa sawa, na angenyamaza ingekuwa basi. Alirudi akachota mbele ya mfereji, na kesho yake kisahani cha maabara kilijaa vidoa vya vijidudu hata hesabu ikashindikana. Akamwandikia mkuu wake kwamba kosa ni lake. Kisha akapiga hodi kwenye milango kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, akaeleza alipochota na kwa nini. Familia hii imelijua jambo hilo miaka mingi, na bado inastaajabu aliupata wapi moyo ule.

Mama yake Nasibu, Bi Semeni, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu ana dripu siku ya tisa leo," akasema.

"Najua, dada. Ndiyo maana nimekuja."

"Maneno ya kukutolea nilikuwa nayo, tena mengi. Haya, pita ukae."

Ofisi ilimpa onyo kali. Yeye akaendelea miaka ishirini na mitano, akichota mbele ya mfereji, maji yakiwa yoyote yale. Krismasi moja meneja wa hoteli alimtaka aondoe kibao chekundu kwa kuwa wageni wanakimbia. "Nitakiondoa, baba," akamjibu. "Wewe oga kwanza, mimi nikushikie viatu." Kibao kilibaki.

Alistaafu Septemba 2021 akarudi Lukundi. Kisukari kilimwandama, na mwaka 2023 figo zikaanza kushindwa. Alifariki Morogoro mjini Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Judith.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na mdogo wake Kasiani. Orodha hii aliiandika mwenyewe mwezi Januari, na mwishoni aliongeza jina la Nasibu. Kasiani alimwambia, "Dada, huyu si wa ukoo wetu." Akajibu, "Kila nilipotaka kusogea hatua arobaini nilimwona yeye. Mwache hapo."

Nasibu yupo nasi leo na mama yake, Bi Semeni. Walifika jana jioni. Asubuhi Nasibu aliomba yeye ndiye ateke maji ambayo Padri atayabariki kwa ajili ya kaburi hili. Alipofika chemchemini aliuliza achotee wapi, na Kasiani akamwonyesha palipotulia.

Mungu amlaze Modesta hapo.