Gari Lisilosikika

Basi la Sericho lilinguruma mpaka mwalimu Makandi akapaza sauti kumweleza Mama Qabale, jirani yake wa kiti, kuhusu gari alilotaka kununua. "Ni haibridi, inatumia petroli na betri. Haili mafuta sana. Ikienda polepole, hata huisikii."

"Sasa sisi tutaisikia aje?"

Makandi alicheka. Wengine huuliza bei. "Kwani lazima muisikie?"

"Mwalimu, huku tunangoja gari lolote kivulini. Tukisikia injini, ndipo tunakimbilia barabara kuomba lifti."

"Lakini mama, na bei ya mafuta ya sasa, watoto wangu walio kule mjini Wabera wananiona mara moja kwa mwezi."

"Hiyo pia ni kweli," alisema Mama Qabale.

Mbele ya basi, mwanamke alitoka mbio kivulini, mtoto amelegea begani. Basi likasimama.