Mama Agnès Chola Anawaaga Watoto Wadogo wa Kamalondo

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Mama Agnès Chola, monitrice, yaani mwalimu wa kike, wa shule ya watoto wadogo ya serikali hapa Kamalondo, ile tunayoiita gardienne, anastaafu tarehe 30 Juni 1962. Sisi walimu wa shule ya msingi tunaotumia naye uwanja mmoja tulikuwa tukijua kumekucha vizuri tukisikia darasa lake likiimba.

Alianza mwaka 1935 kwa masista, akifundisha wasichana kushona. Mwaka 1955 gardienne ilipofunguliwa, akaombwa aje ajaribu kidogo. Hakuondoka tena.

Wakati ule darasa halikuwa na kitu cha kuhesabia. Basi kila Jumatatu Mama Agnès alizunguka kwenye mabaa ya mtaani kuokota vifuniko vya chupa za bia. Watu wakasema mengi. Padri mmoja alimwita amuonye juu ya ulevi, naye akamfungulia kikapu, akamwalika aje asikie watoto wakihesabu. Padri alikuja, na tangu hapo akawa anamletea vifuniko mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kuuliza anavitoa wapi.

Mwaka huu wa shule tunaoumaliza ndio uliompima kuliko yote. Mwezi wa tisa, vita vilipoingia mjini, familia nyingi zenye asili ya Kasai, zilizoanza kuandamwa kwa ajili ya kabila lao, zilikimbilia kambi ya wakimbizi. Miongoni mwao alikuwa Kapinga, msaidizi wake kwa miaka minne, binti aliyezaliwa hapa hapa Kamalondo. Mwezi wa kumi na mbili mizinga ikarudi, shule ikafungwa. Tulipofungua tena baada ya Noeli, madarasa ya kwanza yalikuwa yamefurika, na ofisi ya elimu ikataka chumba cha gardienne kigeuzwe darasa la kwanza. Walisema watoto wadogo wanacheza tu, nyumbani pia wanaweza kucheza.

Mwezi wa pili, kabla ya uamuzi, mkaguzi wa ofisi hiyo alikuja kuona kama waliopita gardienne wanasoma vizuri kuliko wengine. Aliingia darasani kwangu, darasa la kwanza, pamoja na mkurugenzi wetu, Bwana Liévin, na Mama Agnès. Akamsimamisha msichana anayeitwa Mimi, naye Mimi akasoma ukurasa mzima kama maji yanayoteremka. Bwana Liévin, kwa furaha, akaanza kuisifu gardienne. Mama Agnès akamkatiza.

"Huyu hapana wangu, Bwana Inspecteur. Mama yake njo alimufundisha ku nyumba."

Nilidhani chumba kimekwenda. Mkaguzi akamuuliza wa kwake ni yupi, naye, badala ya kuchagua hodari, akamwonyesha Émile, mtoto ambaye zamani alikuwa akishika mlango wa gardienne na kukataa kusema na mtu yeyote.

Émile alisoma polepole. Alikosea neno, akasimama, akalirudia bila kusaidiwa, akaendelea hadi mwisho.

"Kusoma alijifunza kwa Mwalimu Lucien," Mama Agnès akasema, akinionyesha mimi. "Kwangu alijifunza kusema mbele ya bantu, na kama anaanguka, kuamuka."

Mkaguzi akakaa nasi asubuhi nzima. Aliwapa watoto hesabu ngumu, na aliona mwenyewe kwamba wengi wa wale waliokosea kisha wakaomba kujaribu tena walikuwa wamepita gardienne. Chumba kilibaki.

Furaha ile haikumtosha Mama Agnès. Mwezi wa tano, treni zilipokuwa zikiwapeleka watu wa kambini Kasai, tulimuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa. Tulikuwa tumewaza redio.

"Munirudishie Kapinga," akajibu.

Baadhi ya wazazi walinung'unika. Bwana Liévin mwenyewe aliogopa, na hatumlaumu, kwa maana siku hizo jina la ukoo lilitosha kumletea mtu taabu. Mama Agnès aliwaendea wazazi nyumba kwa nyumba. Kwa kila mmoja alikuwa na swali moja: mtoto wako alipokuwa na surua, nani alimbeba mgongoni mpaka kwako? Jibu lilikuwa Kapinga. Bwana Liévin akatia saini barua ya kumrudisha kazini.

Kisha Mama Agnès akaenda kambini peke yake, kwa miguu. Kapinga alikuwa ameshafunga mizigo, ingawa Kasai hajawahi kuiona maishani mwake.

"Mama, kule ku gardienne batanipokea?"

"Miye njo nitasimama ku mulango."

Akasimama kweli. Jumatatu iliyofuata wazazi walimkuta mlangoni, Kapinga kando yake, na kila aliyemleta mtoto ilimbidi kuwasalimu wote wawili. Wawili watatu waligeuka na watoto wao. Kabla ya wiki kwisha, wote walikuwa wamerudi. Mwaka ujao wa shule, Kapinga ndiye monitrice.

Mama Agnès anahamia shambani kwake nje ya mji, kwa mihogo na wajukuu. Asante, Mama, kwa watoto waliofika kwetu bila woga, na kwa sisi wakubwa uliotuondolea woga wetu. Mungu akujalie usingizi mrefu wa asubuhi, mvua kwa wakati wake, na wageni wengi kutoka Kamalondo. Tutakuja kukusalimu, Kapinga akitangulia.

Kwa niaba ya wenzake,
Lucien Kasonde, mwalimu wa darasa la kwanza