Chupa ya Kumi na Tisa ya Mama Rangi

Wasikilizaji wapendwa, mtaniwia radhi, leo sauti imechoka. Nimetoka mazikoni. Tumemzika mkemia, yule tuliyezoea kumwita Mama Rangi. Alikuwa na miaka sitini na minne.

Mama Rangi alibuni molekuli za rangi. Si rangi za nguo, jamani. Alitaka rangi ambayo ukiimulika kwa mwanga usioonekana kwa macho, yenyewe inatoa kijani. Miaka ishirini na sita alikisaka kijani hicho.

"Nilimwoa vidole vikiwa vya njano," mumewe ameniambia. "Mashuka yote yana alama zake. Sasa nitayafuaje?"

Ugumu ulikuwa huu. Kila molekuli ina ncha mbili: moja inatoa umeme, nyingine inauvuta. Mama Rangi alizibuni zenye nguvu, kila mara zaidi. Lakini zikigeuka fuwele, kama chumvi inavyoganda, zinalala mzungu wa nne, kichwa cha hii miguuni pa ile, nguvu zinauana. Giza. Chupa baada ya chupa, giza.

"Hawa wanangu wa chupani wana nguvu za bure," alimtania binti yake. Binti hakucheka. Alimwona mama anavyochakaa.

Zile ambazo hesabu ilisema ni dhaifu, hakuzimulika kabisa. Aliziandika "legelege", akazifungia kwenye kabati la chini.

Jumatatu asubuhi, Mama Rangi akiwa kitandani hospitalini, fundi wa maabara alikuwa anasafisha kabati hilo. Akaimulika chupa ya kumi na tisa, kwa udadisi tu. Molekuli yake ilikuwa na kijimkia ubavuni, kikaizuia kulala mzungu wa nne. Kijani! Chupa ilikuwa imekaa humo miaka kumi na moja. Fundi akapiga simu.

"Umekiona kweli?" Mama Rangi aliuliza.

"Nimekiona, mama. Kiko hapa mbele yangu."

"Na mimi ndiye niliyeifungia. Haya, ifunike, isiingie unyevu."

Jumanne akafariki. Kijani chake hakukiona.

Kwa mumewe, kwa binti yake, kwa fundi: poleni sana. Nasi tujiulize tumefungia nini bila kukimulika. Naanza mimi. Mama Rangi aliomba kuja kwenye kipindi hiki mara tatu. Mara tatu nilimjibu kuwa mada yake nzito, mtasinzia. Kiti cha mgeni kiko hapa mbele yangu, kitupu.