Spiridon Okhlopkov, Mlinzi wa Uvungu

Mzee Spiridon Vasilyevich Okhlopkov alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Churapcha, mtoto wa nne wa wafugaji wa farasi. Alisoma hapo hapo, kisha chuo cha ujenzi mjini Yakutsk, akahitimu mwaka 1971.

Kwa miaka thelathini na minane alisimika nguzo za nyumba kwenye ardhi iliyoganda mwaka mzima, ambayo ikiyeyuka nyumba huzama. Chini ya kila nyumba alitandika vibao vya povu gumu vya kuzuia joto, akavifunika kwa changarawe, na uvungu akauacha wazi ili upepo wa baridi upite. Wenye nyumba walimcheka. "Mzee, ardhi unaifunika blanketi, na sisi huku juu tunatetemeka?" Naye alijibu, "Wewe una jiko. Barafu ina nani wa kuitetea?" Walimsikia? Wapi! Akigeuza kisogo tu, walipigilia mbao kuziba uvungu na kulundika theluji kuzunguka kuta, kama mababu, nyumba ipate joto. Joto likashuka ardhini, barafu ikayeyuka. Siku hizi kiangazi ni kirefu, nyumba zile zimeinama, na bado wapo wanaomlaumu yeye. Inaudhi!

Alimwoa Matryona tarehe 6 Novemba 1976. Siku ya harusi alichungulia uvungu wa wakwe kabla hata ya kuwaamkia. Mama mkwe akauliza, "Huyu kaja kuoa binti yangu au nyumba?"

Januari 2022 moyo ulimlaza hospitalini wiki saba. Binti yake Aytalina, anayewasomea wasifu huu, alikuwa akikaa kwake na mtoto mchanga. Sakafu ilikuwa baridi mno. Akaziba uvungu, akalundika theluji hadi madirishani. Mzee aliporudi alishika koleo, akihema.

"Baba, utajiua!"

"Hata wewe, mwanangu? Wewe uliyenisikia tangu utotoni?"

Theluji aliiondoa. Mbao zilimshinda nguvu, na Aytalina akajitia hazioni. Kiangazi kile kona ya mashariki ilizama, mlango ukakataa kufungwa, na mzee akahamishiwa nyumba ya kupanga. Alifariki huko tarehe 21 Septemba 2023, akiuliza kama mlango wake umerudi sawa.

Ameacha binti huyo, mkwewe Ayaal, wajukuu wawili na dada yake Fevronia. Matryona alitangulia Septemba 2004. Kaburi lake lilikokewa moto siku mbili kuyeyusha ardhi, ndipo sururu ikaingia. La mzee, kando yake, limechimbwa asubuhi moja kwa koleo tupu.

Apumzike kwa amani, baba aliyesema asisikilizwe. Zile mbao, Aytalina amezing'oa jana.