Mahindi Ambayo Hayajafika

Lori lile lililetwa Gatina, mtaani kwetu, mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa, tulipokuwa tukila unga wa manjano wa msaada, ulioletwa kwa meli. Lilikamatwa kwa kukosa kibali cha kuhamisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine, likaegeshwa kwenye uwanja wa serikali, hatua ishirini kutoka benchi letu la kahawa, likawa ushahidi wa kesi. Kuligusa kulikuwa marufuku. Gunia moja ndani limeandikwa kwa makaa APIYO. Apiyo ndiye anayetuuzia kahawa, na mama yake alimtumia gunia hilo kutoka kwao Ugenya ili watoto wake watatu wafike Krismasi. Kisha mvua ikanyesha. Asubuhi ninayosimulia ilikuwa wiki ya tano, mahindi yameota ndani ya magunia, yametoboa turubai, na ukinyamaza unasikia kitu kikitutuma mle. Mimi ni fundi viatu. Kusoma nilijifunza kwa magazeti ya kufungia misumari, na sipendi kuzungushwa.

— Katiba, kesi ni kesho kutwa, alisema Apiyo. Nikienda na kibali watanipa gunia langu?

Katiba ndilo jina tulilompa Wekulo, aliyekuwa tarishi wa korti.

— Kibali kinatolewa huko mahindi yalitoka, na tarehe lazima iwe kabla ya safari.

— Safari si ilishapita?

— Hapo ndipo shida iko.

— Jibu mama wa watu sawasawa! nikamfokea. Atapata ama hapati?

— Pole pole, fundi. Katiba ya nchi inasema mali ya mtu haichukuliwi bila fidia. Imeandikwa. Lakini hii haijachukuliwa. Imezuiliwa tu.

— Kwa sufuria tofauti ni gani? akauliza Mabati. Huyo ni Thuo, mwenye ploti, na mwenye mbuzi sita wanaotusumbua.

— Bei ya mahindi inapangwa na serikali, nchi nzima, Katiba akasema. Bodi ya nafaka inanunua, bodi inauza, ndio unga wa town usipande. Kila mtu akibeba yake, hiyo bei itashikwa na nani?

— Kwa hivyo Apiyo alale njaa ndio unga ukae bei rahisi? Mabati akamrudi. Unga wenyewe uko wapi?

Katiba alikunywa kahawa.

— Tena angalieni mbuzi wangu, Mabati akasema. Hao wanakula karatasi ya simiti. Juzi wamekula shati ya jirani Omolo kwa kamba. Mbona hayo majani hawagusi?

Tukaangalia. Mbuzi sita walikuwa wamelizunguka lori, vichwa juu, majani yakining'inia karibu na pua zao. Hakuna aliyetafuna.

— Mimi najua, Katiba akasema, sauti ikishuka. Bila kibali, hiyo lori haijatoka Ugenya. Kwa karatasi bado iko njiani. Hiyo tunaona hapo haijafika.

— Buda, mzee mzima wewe, usitutishe asubuhi, Mabati akasema.

— Muulize Nyongesa, askari aliyekuwa akiilinda. Alichoma hayo mahindi, kiganja kimoja, akala. Mwisho wa mwezi ameenda kuchukua mshahara, jina hakuna. Ati hawajawahi kuandika askari kama huyo.

— Uongo! nikasema.

— Wewe umemwona wiki hii?

Sikuwa nimemwona. Stuli yake ilikuwa pale kando ya gurudumu, koti lake juu yake.

Apiyo akaweka birika chini.

— Jana watoto walikuwa wanacheza hapo. Mtoto wangu mdogo ametafuna jani.

Katiba akageuka, akawatafuta watoto kwa macho.

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja mzee, vumbi la basi hadi kwenye nyusi, kikapu kichwani.

— Mama! Apiyo akaruka.

Mama hakumkumbatia kwanza. Alikuwa akitazama lori.

— Hiyo ni mbegu yangu. Nililima mimi, nikapalilia mimi, nikampa mtoto wangu. Niliibia nani?

— Mama, si wizi, Katiba akaanza. Ni kanuni ya...

— Nimeuliza niliibia nani.

Nikamgeukia Katiba nimkaripie ajibu. Badala yake nikamnyoshea Apiyo kikombe. Apiyo aliinamisha birika juu ya kikombe changu, yakatoka mashapo matupu.

Mama akatua kikapu, akatembea kuelekea lori. Hakuna aliyemwambia arudi, hata Katiba. Mbuzi wakampisha. Kisha wakageuka, wote sita kwa pamoja, wakatutazama sisi, vichwa juu, kama walivyokuwa wakilitazama lori.