Honi Mbili za Barabara ya Kusini

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Mzee Pius anakabidhi funguo za lori na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Hamood na Wanawe kwa miaka thelathini na minne. Miaka yote hiyo ameendesha njia moja tu, Kariakoo kwenda Mtwara na kurudi. Wapo madereva wanaobadilisha njia kama mashati, leo Mbeya, kesho Mwanza, keshokutwa Lubumbashi. Yeye, hapana. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama kwa upole, kisha anakuomba umsogezee chai.

Mimi Hajira, wa meza ya safari hapa ghalani mtaa wa Narung'ombe, ndiye niliyepewa kazi ya kumwandikia. Nilikataa. Nikaambiwa wewe ndiye uliyegombana naye kuliko wote, kwa hiyo unamjua. Haya, nimeandika. Someni mpaka mwisho, na asiyesoma asinijie na maswali.

Mzee Pius ni mtoto wa Ndanda. Alifika mjini kijana, akaajiriwa na marehemu Mzee Hamood mwaka 1991, siku Mzee alipomwona akirudisha nyuma lori la watu lililojaa mabati, katikati ya msongamano wa Kariakoo, bila kugusa hata nyanya moja ya akina mama waliopanga biashara chini. Mzee alimwita palepale na kumuuliza kama anaijua barabara ya kusini. Pius akajibu kwamba anaijua kwa sababu imewahi kumlaza njaa.

Vijana wa siku hizi mnaondoka hapa alfajiri, jioni mko Mtwara mnakula samaki, halafu mnalalamika mgongo. Jamani! Enzi hizo ukishaiacha Mbagala unaanza kumwomba Mungu. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, unafika Ndundu unakuta mto Rufiji na foleni ya kivuko. Kivuko kikiharibika mnageuka wanakijiji, mnapika, mnafua, mnaoana. Vitunguu vilichipua ndani ya magunia. Kuna kitanda cha harusi alichopakia Mzee Pius masika moja kupeleka Lindi, kikafika bibi harusi ana tumbo kubwa. Bwana harusi hakumlaumu, alicheka tu na kusema kitatumika vilevile.

Ukishavuka mto, ndipo kazi inaanza. Kutoka Ndundu, kupita Nyamwage, mpaka Somanga, udongo ni mweusi, na mvua ikinyesha barabara inapotea chini ya maji. Ndipo madereva wakawa na utaratibu wao. Mtu mmoja anashuka, anashika mti mrefu, anatangulia mbele ya lori akipapasa chini kutafuta barabara iko wapi. Walimwita mpima maji. Mpima maji hageuki nyuma, na dereva anamfuata kwa mwendo wa miguu. Mkifika nchi kavu, dereva anapiga honi mbili ndefu, maana yake kazi imekwisha, panda tuondoke. Bila honi hizo mpima maji hapandi hata awe anatetemeka kwa baridi. Ilikuwa sheria kwa kila lori, na hakuna aliyeifanyia mzaha.

Daraja likajengwa, kivuko kikabaki hadithi. Lami nayo ikaja vipande vipande, na kile kipande cha baada ya mto kikawa cha mwisho kuipata. Walipokiwekea lami walikinyoosha, wakaiacha barabara ya zamani pembeni, ikaota vichaka. Kwenye safari hizo zote Mzee Pius hakuwahi kupindua gari, hakuwahi kupoteza mzigo.

Mtu alimpoteza. Nimeomba ruhusa ya kuliandika hili na nimepewa, kwa hiyo nitaliandika wazi.

Wakati wa mvua za El Nino, Mzee Hamood alimpa Pius mwanawe wa kiume, Azzan, akaijue barabara kabla ya kurithi magari. Azzan alikuwa kijana wa maskani, mcheshi, mpenda kandanda. Walipofika baada ya Nyamwage maji yalikuwa yamefunika kila kitu. Azzan akavua shati, akabaki na fulana nyeupe, akakunja suruali, akachukua mti, akatangulia. Mvua ikaongezeka, kioo kikawa cheupe. Wiper zilipofuta kioo Azzan alikuwapo, maji kiunoni. Zilipofuta tena, uliokuwapo ni mti peke yake, unaelea. Wenyeji walitafuta kwa mitumbwi hadi wakachoka. Hakuonekana.

Mama yake, Bi Mwanamize, aliletewa habari nyumbani kwake Magomeni. Hakulia. Alimuuliza Pius swali moja tu, kama alipiga honi. Pius akasema hakupiga, atapigaje na nchi kavu hawajaifika. Bi Mwanamize akasema, "Basi mwanangu yuko kazini." Akakataa matanga, akakataa hitima. Mzee Hamood alimbembeleza mpaka naye akafariki, Mungu amrehemu, na mama hakubadilika.

Sasa nakuja kwenye ugomvi wangu na Mzee Pius. Nilipoanza kazi hapa nilikuta anataniwa Mzee Kobe, kwa sababu kila safari alichelewa, na hakueleza kwa nini. Kampuni ikafunga GPS kwenye magari yote, nikafurahi, nikajua nimemkamata. Loh! Kumbe nimejitafutia kukosa usingizi. Kwenye skrini lori lake lilikuwa likivuka mto vizuri, likipita Nyamwage vizuri, halafu saa za adhuhuri, jua la utosi, linashuka mwendo mpaka mwendo wa mtu anayetembea. Na alama ya lori ilikuwa inaiacha lami. Ilikuwa inapita ndani ya vichaka, kwenye barabara ya zamani, pasipopita hata pikipiki. Fundi alibadilisha kifaa, ikawa vilevile. Gari likarudi matairi yana udongo mweusi mbichi, mwezi wa tisa, kiangazi cha kupasua midomo. Muosha magari wetu aligoma kulisafisha, akasema udongo ule unanuka kisima.

Nilimfokea. Nikamwambia eleza, la sivyo nampelekea bosi. Ndipo akaniambia, kwa sauti ileile ya kuomba chai, kwamba mahali pale Azzan anatembea mbele ya gari. Fulana nyeupe, mti mkononi, mgongo umemwelekea. Akaapa kwamba haiachi lami, skrini iseme itakavyo, lami kavu, jua linawaka, Azzan ameloa. Akasema hawezi kumpita mtu aliyemtangulia, wala hawezi kumkanyaga, kwa hiyo anamfuata mpaka anapopotea kwenye kilima. Niliomba ruhusa nikarudi nyumbani mapema, na sikumwita Kobe tena.

Kila akirudi mjini, kabla hajaenda kwa mkewe Severa, Mzee Pius alipitia Magomeni. Severa alinung'unika chakula kupoa, mwishowe akazoea. Bi Mwanamize alimsubiri barazani. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, kisha maswali. Umemwona? Nimemwona. Amekonda? Hajakonda, mama. Miguu vipi? Mizima. Bibi anashukuru, anaingia ndani kulala. Alikuwa akiishi kwa majibu hayo, na Mzee Pius alilijua hilo, ndiyo maana hakubadilisha njia wala hakupiga honi. Bibi alimkataza. Honi ingemruhusu kijana aondoke, naye angebaki bila habari za mwanawe.

Umri wa kustaafu ulipofika, Bi Mwanamize alimwita binti yake Khairunnisa, ambaye ndiye bosi wetu sasa, akamwambia Pius asiachiwe. Bosi akapata mtihani. Tulijaribu kuwapa safari madereva wengine wawili, wakapita pale wakisikiliza redio, hawakuona kitu, na skrini haikuonyesha kitu. Ilikuwa wazi kwamba Mzee Pius akishuka, habari za Azzan zimekatika.

Bosi akaenda na Mzee Pius Magomeni kumwomba mama aridhie. Huko ndiko Mzee Pius alikosema jambo ambalo alikuwa amelificha hata mkewe. Alisema majibu aliyokuwa akimpa mama yalikuwa nusu. Zamani Azzan alikuwa anatembea juu ya lami kama sisi. Kisha miguu yake ikawa haionekani. Kila masika alikuwa ameshuka zaidi, lami ikamfika magotini, ikamfika kiunoni, ikamfika kifuani, na bado anatembea, hageuki, anapapasa na mti. Safari ya mwisho aliona mabega na kichwa tu. Alisema, "Mama, yale maji hayajakauka kwake. Na mimi nikiondoka atazama peke yake."

Bosi anasema mama yake aliisogeza chai pembeni bila kuinywa. Kisha akaomba apelekwe.

Ndivyo ilivyokuwa ile safari ya Mei mliyoiona mkashangaa, bibi wa miaka themanini na ushee kupandishwa kwenye lori la mabati pale nje ya ghala, wapagazi wamemnyanyua na kiti chake cha plastiki, yeye anawakaripia wasimkunje baibui. Alikaa upande wa mlango, Khairunnisa katikati, Mzee Pius kwenye usukani. Mimi nilibaki na skrini na simu imewekwa sauti ya juu, tumejaa ofisini hata pa kupumulia hapakuwepo.

Walivuka mto. Wakapita Nyamwage. Adhuhuri ilipoingia alama ikashuka mwendo, ikaiacha lami. Kwenye simu tukasikia maji. Wallahi, maji, yanapiga matairi, na nje kwao jua kali. Khairunnisa alikuwa anarudia kwamba haoni kitu, ni lami tu inameremeta kwa joto. Mama yake akamwambia anyamaze. Halafu tukamsikia bibi anasema, taratibu kabisa, "Ndiye. Hata shingo haionekani tena. Mwanangu."

Nilijua anachopima. Akimwachia, hamuoni tena. Asipomwachia, safari ijayo hakuna hata kichwa cha kuona, wala hakuna safari ijayo. Mimi ni mama, na nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kutazama skrini.

Gari la Mzee Pius lina honi ya upepo, ya kuvuta kwa kamba juu ya kioo. Bibi aliomba ainuliwe mkono. Khairunnisa akauinua, ukashika kamba. Honi ya kwanza ilikuwa ndefu mpaka simu ikakwaruza. Ya pili ikaja baada ya kimya, nayo ndefu, na ndani yake tukasikia mwanamke mzima analia kilio alichokizuia tangu El Nino. Kisha akasema wafungue mlango.

Yaliyofuata nimeyapata kwa bosi, na bosi wetu si mtu wa porojo. Aliupitisha mkono mbele ya mama yake akaufungua mlango. Nje palikuwa na joto na vumbi. Lori likainama upande wa kushoto, kama linavyoinama mtu akikanyaga ngazi kupanda. Bi Mwanamize akamsukuma bintiye, akajivuta, akaacha nafasi mlangoni. Mlango ukafungwa. Khairunnisa hakuufunga yeye. Alihisi baridi ikivuka kwa mama mpaka begani kwake, na sketi yake upande ule ikalowa. Mzee Pius hakugeuka kuangalia. Alitia gia, machozi yanamtiririka, na kwenye skrini yangu lori likarudi juu ya lami likakimbia mpaka Somanga bila kusimama. Pale Somanga, nchi kavu, bibi aliomba mlango ufunguliwe tena, akangoja mpaka lori likainuka upande wa kushoto, akasema sasa tuendelee.

Matairi yalirudi Kariakoo makavu. Safari mbili alizopiga Mzee Pius baada ya hapo amefika mapema mpaka nimemtania kwamba anakimbizwa na trafiki. Anasema barabara iko wazi, na ameanza kuona vitu ambavyo hakuwahi kuviona, kuna shule pale, kuna mikorosho, kuna mama anauza mihogo ya kukaanga.

Mzee Pius, kampuni inakushukuru kwa mizigo yote iliyofika, na kwa mmoja uliokataa kuushusha mpaka ufike kwa mwenyewe. Madereva uliowafundisha wanakushukuru, hata wale uliowachapa makofi. Severa tunamshukuru kwa uvumilivu, na tunamrudishia mumewe akiwa mzima. Nendeni Ndanda mkapumzike, mle korosho zenu, afya isiwapungukie, wajukuu wawasumbue vizuri.

Wafanyakazi wote mnakumbushwa kwamba hafla ya kumuaga itafuata baada ya hitima, Jumamosi alasiri, Magomeni. Mzee Pius, pamoja na kwamba ni Mkatoliki, atakaa mbele na familia, ni agizo la mama mwenyewe. Alipokuja ofisini kunipa ujumbe wa tangazo hili, Bi Mwanamize alitaja jina la mwanawe na kuanza na neno marehemu, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kisha akaniambia nimwandikie Mzee Pius kwamba kila akija Dar aendelee kupita barazani kwake kama kawaida. Hatamuuliza kitu, ila atamwekea chakula.