Pole ya Mwenye Ndizi

Ambwene alikaa nyuma kwenye mtumbwi uendao Ikombe, mkungu wa ndizi miguuni, akienda kumpa pole Hellen mfinyanzi. Juzi Hellen, akipita uani kwa Ambwene, aliteleza kwenye maji yaliyovuja kutoka kakao aliyoivundika Ambwene, akavunja vyungu na kuteguka mguu. Abiria wawili wasiomjua walikuwa wakiijadili kesi hiyohiyo.

"Njia inapita uani kwake na maji ni yake, kwa hiyo lazima alipe," alisema kijana mwenye miwani. Ambwene akajikunyata. "Ila kisheria asithubutu kusema pole. Ukisema pole umekiri."

Mwenzake, mama mmoja kutoka Busale aliyekalia kiroba chake cha mchele, akamgeukia. "Mwanangu, hata mtu akijikwaa nyumbani kwake tunampa pole. Sasa huyo akinyamaza, si watasema alimwaga makusudi?"

"Heri maneno ya watu kuliko hukumu ya hakimu."

"Na siku akifa, hakimu ndiye atakayekuja kumzika?"

Ambwene alikubaliana na kila aliyemaliza kusema, jambo lililomchosha kuliko kupiga kasia. Alikuwa hajakata shauri mtumbwi ulipogota mchangani. Kijana akasimama haraka, akajikwaa kwenye mkungu wa ndizi, akatumbukia majini na miwani yake.

"Pole," akasema mama. "Pole," wakasema abiria wengine, na mpiga kasia, na wanawake waliokuwa wakifua ufukweni.

Kijana akainuka akichuruzika maji, akamkazia macho Ambwene, akasimama hapohapo akiisubiri pole ya mwenye ndizi.